Uzi Usoni: Ndewe, Krimu na Ngozi Iliyolegea, Kitale hadi Bungoma

Kuinua ngozi ya uso kwa nyuzi, bila operesheni ya kisu, ni tiba changa. Ilianza kupata jina duniani mwishoni mwa miaka ya 1990, na nchini Kenya imejikita Nairobi kuliko miji ya magharibi. Hata hivyo kazi ya kurudisha nyama iliyolegea mahali pake kwa sindano na uzi si ngeni chini ya Mlima Elgon. Huko ilifanywa kwenye masikio kabla haijafikiriwa kwenye mashavu, na sababu yake ilikuwa desturi iliyolegeza ngozi kwa makusudi.

Wanandi, Wasabaoti, Wapokoti, Wakeiyo na Wamarakwet, jamii ambazo malisho yao yalizunguka nchi inayoitwa leo Trans Nzoia, walitoga ndewe na kuzivuta hadi zikaning'inia. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliyaeleza mapambo hayo ya masikio kwa kirefu, kwa kuwa yalikuwa sehemu ya mavazi ya kila siku na si ya sherehe pekee. Ndewe ilitobolewa kwa kitu chenye ncha, na kijiti chembamba kikaachwa ndani ili tundu lisizibe. Kidonda kilipokauka, kijiti kilibadilishwa kwa kingine kinene kidogo, na baada ya muda kingine tena, mpaka tundu likaweza kubeba jasi la mti, pete ya shaba au mizigo ya shanga. Ndewe haina gegedu. Ni ngozi, mafuta na nyuzinyuzi laini tu. Ikivutwa kwa miezi na miaka, huongezeka. Ikiharakishwa, huchanika. Uvumilivu wa kazi hiyo ulikuwa wa mzazi zaidi kuliko wa mtoto, na matokeo yake yalikuwa kitanzi cha ngozi kilichoweza kufika karibu na bega. Mwanamume akipita kichakani alikipandisha juu ya sikio kisinaswe na miiba, na kwenye tundu lenyewe wengine walichomeka kikopo cha ugoro.

Kitanzi hicho kilisema mengi kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa mapambo ya sikio ambayo msichana hakuruhusiwa kuyavaa, na mgeni aliweza kukisia mtu ametoka upande gani wa mlima. Kulegea kwa ngozi, jambo ambalo leo hupelekwa kliniki kama tatizo, hapo kulikuwa heshima iliyotafutwa na kugharamiwa.

Upande wa Bungoma, kwa Wabukusu, alama iliyokuwa nzito zaidi ilikuwa kinywani. Kama Waluhya wengine na majirani zao Wajaluo, walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini. Sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda na taya zikafunga, uji na dawa vingeweza kupitishwa kwenye pengo. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930, aliandika juu ya maisha yao katika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1949 na 1956, na mpaka leo anayetaka kujua desturi za wakati huo hawezi kumkwepa. Jambo moja ambalo madaktari wa meno hulijua, na ambalo mara chache huhusishwa na desturi hii, ni kwamba jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kupungua. Kwa hiyo mzee aliyeng'olewa meno ya chini akiwa kijana aliufikia uzee na kidevu chenye umbo tofauti na la mtu mwenye meno yote.

Kazi kubwa kuliko zote iliyotakiwa kufanywa na uso wa Mbukusu haikuhitaji chombo chochote. Mwezi Agosti, katika miaka inayogawika kwa mbili, kijana aliyepakwa matope ya mtoni alisimama uani mbele ya ukoo mzima, na omukhebi, yaani mtahiri, akafanya kazi yake. Watu walimtazama machoni. Kukunja uso, kupepesa, hata kutetemesha mdomo kungehesabiwa dhidi yake na dhidi ya nyumba yao kwa miaka mingi. Tohara hiyo ingali inaendelea, ijapokuwa wengi sasa hupelekwa hospitali.

Tohara ndiyo inayompa mwanamume rika lake. Marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila moja huchukua takriban mwongo mmoja au zaidi, na mzunguko mzima hukaribia karne kabla jina halijarudi. Maina walitahiriwa katika miaka ya 1960, Chuma wakafuata katika miaka ya 1970. Matokeo yake ni kwamba Mbukusu hawezi kuficha umri wake: akitaja rika, msikilizaji hufanya hesabu papo hapo. Aliyefikia kuitwa kuka au kukhu, babu au bibi, alikuwa amepanda cheo, na mikunjo ilikwenda pamoja na cheo hicho. Katika jamii ya namna hiyo, biashara ya kupunguza miaka usoni isingepata mteja. Kilichobadilisha mambo hakikuwa dawa mpya. Ni shule, kanisa, kazi ya mshahara na mji.

Kitale ulianza mwaka 1908 kama kituo cha walowezi Wazungu, na tawi la reli kutoka njia ya Eldoret lilifika mwaka 1926. Bungoma nao ulipitiwa na njia kuu ya kwenda Uganda katika miaka hiyohiyo ya 1920. Mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia yalivuta vibarua kutoka pande zote: Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi, Wapokoti, Waturkana. Kwenye foleni ya mshahara sikio lenye kitanzi lilikuwa kitambulisho kisichovulika. Wamisionari waliliona kama alama ya upagani; Wakweka walikuwa wamefika Kaimosi tangu mwaka 1902 na baadaye wakajenga kanisa, shule na hospitali huko Lugulu, Bungoma. Walimu wengi hawakutaka majasi darasani. Mtu aliyebatizwa, aliyepata ukarani au aliyevaa sare ya polisi alianza kuuona mzigo wa shanga kuwa mzigo kweli.

Mwaka huohuo wa 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha jumba lake la makumbusho karibu na Kitale. Alikuwa mtu wa vipepeo, ndege na nyoka, lakini alikusanya pia vitu vya watu. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake, na Desemba 1974 ukapata jengo lake la sasa mjini, Makumbusho ya Kitale. Kwa hiyo vitu ambavyo vijana walikuwa wakivivua vilianza kuhifadhiwa na Mzungu wakati uleule walipovivua, jambo linalostahili kukumbukwa kila mara mtu anaposimama mbele ya kabati za kioo.

Jasi huvuliwa kwa sekunde moja. Ndewe iliyovutwa hairudi. Hapo ndipo uzi ulipoingia. Kushona ndewe kulikuja kuwa moja ya operesheni ndogo za kawaida katika hospitali za serikali na za misheni zilizohudumia jamii hizi, na utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mgonjwa hupigwa ganzi sehemu hiyohiyo. Kitanzi hukatwa, kipande kilichozidi huondolewa, na kingo za tundu la zamani huchunwa ngozi yake ya juu hadi zitoe damu, kwa sababu ngozi iliyopona haishikani na ngozi iliyopona hata ikifungwa kwa nguvu. Kisha kingo hizo mbichi hukutanishwa na kushonwa tabaka kwa tabaka, na nyuzi za nje hutolewa baada ya takriban juma moja. Kazi nzima haifiki saa moja kwa sikio. Anayetoka hapo ana ndewe ndogo, pengine yenye mstari mwembamba chini, na hakuna mwajiri wala mchungaji atakayemuuliza swali.

Hatari yake ilikuwa kovu. Ndewe ni mahali ambapo keloidi hupenda kuota, na watu wenye ngozi nyeusi hupatwa nayo mara nyingi zaidi kuliko weupe. Mtu aliyekwenda kuondoa kitanzi aliweza kurudi miezi kadhaa baadaye na uvimbe mgumu unaowasha, mkubwa kuliko kile alichoondolewa. Ukikatwa bila tiba nyingine ya kuuzuia, mara nyingi hurudi ukiwa mkubwa zaidi. Hofu ya keloidi imekaa katika tiba ya urembo Afrika Mashariki mpaka leo, na ndiyo sababu moja ya watu kuulizia njia zisizo na kisu.

Kazi ya uso mzima ilifika kwa mlango wa maradhi. Daktari Mwingereza Michael Wood, aliyehamia Kenya mwaka 1947 na kusomea upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa Archibald McIndoe, aliungana na McIndoe na Mmarekani Thomas Rees mwaka 1957 kuanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ambayo leo ni AMREF. Walishughulikia midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, makovu ya moto, majeraha ya wanyama. Rees, ambaye kwao New York alikuja kuwa bingwa mashuhuri wa operesheni za kuondoa uzee usoni na kuziandikia vitabu vilivyosomwa duniani, ndiye huyohuyo aliyekuwa akishona nyuso za wanavijiji huku. Magharibi mwa Bungoma, huko Alupe, Busia, kulikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki. Ukoma hula ngozi na neva za uso: nyusi hunyonyoka, kope la chini huanguka na jicho halifungi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, upasuaji uliojulikana tangu katikati ya karne ya 20 ulichukua ukanda wa msuli wa panja na kuupitisha chini ya ngozi hadi kwenye kope, ili mgonjwa akiuma meno jicho lifunge. Hatua yenyewe, kupitisha kitu chini ya ngozi na kukiegemeza mahali pasipoteleza ili kiinue palipoanguka, ndiyo hasa inayofanywa na nyuzi za sasa. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa ukoma alikuwa akiokoa jicho lisipofuke.

Wakati huo soko la urembo lilikuwa na njia yake. Samli na mafuta ya ufuta, vilivyokuwa vikipakwa mwilini tangu zamani, vilipisha Vaseline na krimu za dukani. Baada ya uhuru zikaja krimu za kung'arisha ngozi, Ambi ikiwa maarufu kuliko zote, na matangazo yake yalienea hadi madukani Kitale na Bungoma. Baadhi ya krimu za aina hiyo zilikuwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wa watu wazima 60 waliougua figo kiasi cha kupoteza protini kwenye mkojo na kuvimba mwili. 32 kati yao, zaidi ya nusu, walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi. Uchunguzi huo ulisomwa ulimwenguni kote. Sheria ya nyumbani ilichelewa: ni mwaka 1998 ndipo tangazo la gazeti rasmi lilipopiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni.

Marufuku haikufunga mipaka. Malaba, Lwakhakha na Suam ni mwendo mfupi kutoka miji hii miwili, na mirija ya krimu zenye steroidi hupita kirahisi mfukoni. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na mishipa ya damu kuonekana. Kwa maneno mengine, mteja aliyepaka krimu hizo akiwa na miaka 25 anaweza kufika miaka 45 akiwa na ngozi iliyolegea mapema, na tena isiyo imara vya kutosha kushika uzi.

Bila krimu yoyote, uso wa mtu mzima hushuka kwa sababu zinazojulikana. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua polepole tangu ujana, na kwa wanawake huporomoka baada ya hedhi kukoma: makadirio ya kawaida ni kiasi cha asilimia 30 katika miaka mitano ya mwanzo. Vifuko vya mafuta vya shavu hupungua na kuteremka, kano zinazovishikilia hulegea, na mifupa ya taya na chini ya macho hupungua ukubwa. Jua huongeza kasi. Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400, yote miwili jirani na Ikweta, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Melanini ya ngozi nyeusi huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo, kwa hiyo makunyanzi membamba hutangulia kwa Mzungu kwa miaka kumi au zaidi. Kinachoonekana kwanza kwa Mwafrika wa miaka 40 na 50 ni mteremko wa katikati ya uso: mfuo wa kutoka puani hadi mdomoni unaozama, na nyama inayokusanyika juu ya mstari wa taya.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 dawa ya mteremko huo ilikuwa kisu. Operesheni ya kwanza inayotajwa mara kwa mara ilifanywa Berlin na Eugen Holländer mwaka 1901, kwa kukata vipande vya ngozi mbele ya masikio na kushona. Wazo la uzi wenye miba lilipata hataza Marekani mwaka 1964 kwa jina la J. H. Alcamo, lakini lengo lilikuwa kufunga vidonda bila fundo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marlen Sulamanidze, daktari mwenye asili ya Georgia aliyefanya kazi Moscow, alianza kutumia nyuzi zenye miba kuinua ngozi ya uso, akaziita Aptos. Marekani, Gregory Ruff wa North Carolina alitengeneza za kwake, nazo zikaidhinishwa katikati ya miaka ya 2000. Nyuzi za kizazi hicho hazikuyeyuka. Nyingine zilikatika, nyingine zikaonekana chini ya ngozi au kuchomoza, na baada ya miaka michache aina hiyo ya Marekani ikaondoka sokoni.

Korea Kusini ndiyo iliyoifufua kazi hii, kwa nyuzi za polidioksanoni, ambazo wapasuaji walikuwa wakizitumia ndani ya mwili tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa sababu huyeyuka zenyewe. Daktari huchora mistari usoni mteja akiwa ameketi, kwa kuwa akilala shavu hurudi nyuma na kudanganya. Ganzi hupigwa kwenye panja au mbele ya sikio. Sindano ndefu yenye ncha butu, iliyobeba uzi ndani, hupitishwa kwenye tabaka la mafuta chini ya ngozi hadi karibu na mfuo wa mdomo, kisha huchomolewa na uzi hubaki. Miba yake hushika, daktari huvuta, nyama hupanda, na mkia wa uzi hukatwa usawa wa ngozi. Upande mmoja huchukua nyuzi chache tu, na mteja hutembea kwenda nyumbani siku hiyohiyo akiwa ameagizwa asicheke sana, asitafune vigumu na alale chali kwa majuma kadhaa.

Polidioksanoni huyeyuka kwa takriban miezi sita. Nyuzi za asidi ya polilaktiki hukaa zaidi. Mwili hujenga kolajeni kuuzunguka uzi unapoyeyuka, nayo hushikilia kidogo baada ya uzi kwisha. Je, hushikilia kwa muda gani? Matangazo husema miaka miwili au mitatu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa na kuona kwamba nafuu ilikuwa ndogo na ya muda mfupi, na tathmini nyingi zilizofuata zimeona sehemu kubwa ya mwinuko ikipotea ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Madhara ya kawaida ni vishimo kwenye shavu, upande mmoja kuzidi mwingine, maambukizi, na ncha ya uzi kutokeza. Faida yake kwa ngozi yenye mwelekeo wa keloidi ni kwamba jeraha ni tundu la sindano, si mstari wa kisu, ingawa hata tundu si kinga kamili. Haimfai mwenye ngozi iliyolegea sana wala nyembamba sana. Humfaa aliyeanza kushuka tu.

Kwa mkazi wa Kitale, ugumu mkubwa ni umbali wa kurudi kuangaliwa. Nairobi ni takriban kilomita 380, na uzi ukianza kutoa usaha siku ya tano, atakayeuona kwanza ni daktari wa hospitali ya rufaa ya kaunti au wa Eldoret, ambaye hakuuweka. Mwenye haki ya kuuweka kisheria ni mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo huendesha daftari la usajili linaloweza kukaguliwa na yeyote. Saluni zinazotinda nyusi kwa uzi wa pamba, kazi iliyoletwa na Wahindi na kuenea miji yote ya Kenya, hazimo katika daftari hilo, kwa kuwa uzi wao haupiti chini ya ngozi. Gharama ya nyuzi hutoka mfukoni mwa mteja, na hulipwa upya kila mara zinapoyeyuka na shavu kushuka tena.